WhatsApp ilinunuliwa kwa mabilioni: Fedha hizo zilinunua nini hasa?

Februari 2014 kampuni ya Facebook, ambayo leo inaitwa Meta, ilitangaza kuinunua WhatsApp kwa dola bilioni 19 za Marekani. Wakati huo WhatsApp ilikuwa na watumiaji wapatao milioni 450 kwa mwezi, lakini wafanyakazi wake hawakufika hata 100. Mapato yake ya mwaka 2013 yalikuwa dola milioni 10.2 tu, na mwaka huo ilipata hasara ya dola milioni 138.

Swali la watu wengi lilikuwa moja: mabilioni yote hayo ni ya nini? Majengo? Mitambo?

Jibu limo kwenye hesabu za Facebook za mwaka 2014, sehemu inayoonyesha mgawanyo wa bei ya ununuzi. Ni sehemu ambayo wasomaji wengi huiruka, lakini ndiyo inayosema kampuni imenunua kitu gani na imelipia matumaini kiasi gani.

Kwa nini bei igawanywe?

Kampuni ikinunua nyingine, mhasibu haruhusiwi kuandika mstari mmoja tu kwamba "tumenunua kampuni" kisha akafunga daftari. Lazima aigawe bei kwa kila kitu kilichopatikana. Kenya na Tanzania, kampuni zilizoorodheshwa kwenye soko la hisa hufuata kiwango cha kimataifa cha IFRS 3. Marekani wana chao, ASC 805, ambacho kwa mambo makubwa kinafanana nacho.

Kazi yenyewe ina hatua nne:

1. Kujua nani mnunuzi na siku gani hasa alishika usukani wa kampuni. Kama malipo ni ya hisa, hisa hizo huhesabiwa kwa bei ya siku hiyo, si ya siku dili lilipotangazwa.

2. Kujumlisha kilicholipwa. Ada za mawakili na washauri hazimo. Hizo ni gharama za mwaka huo.

3. Kupima mali na madeni yote kwa thamani ya soko ya siku hiyo. Hapa huingia hata vitu ambavyo muuzaji hakuwahi kuviandika vitabuni, kama jina la bidhaa, wateja na teknolojia.

4. Kutoa madeni kwenye mali, kisha kulinganisha na bei. Bei ikizidi, ziada hiyo huitwa gudwili, yaani thamani ya jina zuri la biashara na matumaini ya mbele ambayo hayawezi kutenganishwa na kuuzwa peke yake.

Mfano wa duka la dawa

Chukua duka la dawa lililonunuliwa kwa Sh milioni 100. Dawa zilizopo stoo zina thamani ya Sh milioni 30. Friji, rafu na gari ni Sh milioni 15. Mikataba ya kusambaza dawa kwenye zahanati imepimwa kuwa na thamani ya Sh milioni 20. Duka linadaiwa Sh milioni 10 na wauzaji wa jumla.

Mali zote ni Sh milioni 65. Toa deni, zinabaki Sh milioni 55. Mnunuzi amelipa Sh milioni 100, kwa hiyo Sh milioni 45 ni gudwili.

Je, angelipa Sh milioni 50? Hapo amepata bei ya kutupa, na Sh milioni 5 zingeandikwa kama faida. Lakini kabla ya kushangilia, kiwango kinamtaka arudie vipimo vyote, maana mara nyingi bei ya kutupa ni dalili kwamba kuna deni lililosahaulika.

Turudi kwa WhatsApp

Dili lilikamilika Oktoba 2014. Bei ya hisa za Facebook ilikuwa imepanda, na vyombo vya habari vikaandika takriban dola bilioni 22. Lakini vitabuni bei ilikuwa dola bilioni 17.2. Tofauti hiyo ilitokana zaidi na hisa walizoahidiwa wafanyakazi wa WhatsApp kwa sharti la kuendelea kufanya kazi. Kihasibu, huo ni mshahara wa miaka ijayo, si bei ya kampuni.

Sehemu kubwa za mgawanyo zilikuwa hizi:

- Watumiaji: dola milioni 2,026
- Jina la biashara: dola milioni 448
- Teknolojia: dola milioni 288
- Gudwili: dola milioni 15,314

Ukijumlisha utapata zaidi ya bilioni 17.2, kwa sababu kuna madeni yanayotolewa, yakiwemo ya kodi iliyoahirishwa. Cha kutazama ni hiki: karibu dola 9 katika kila 10 zilikuwa gudwili. Programu yenyewe iliyo kwenye simu yako haikufika hata dola milioni 300.

Mgawanyo unagusa faida

Mali yenye umri hupunguzwa thamani kila mwaka, na punguzo hilo hula faida. Facebook iliwapa watumiaji hao umri wa miaka 7, hivyo karibu dola milioni 289 kwa mwaka zikawa gharama.

Gudwili haipunguzwi hivyo. Kwa kampuni kubwa hukaa palepale, ila lazima ipimwe angalau mara moja kwa mwaka kuona kama bado ina thamani. Hapo ndipo kishawishi kilipo. Ukirundika sehemu kubwa ya bei kwenye gudwili, faida ya miaka ijayo itaonekana nono. Ndiyo maana wakaguzi wa hesabu huuliza maswali magumu kuhusu mali kupimwa chini mno.

Kampuni ndogo zinazotumia kiwango cha IFRS kwa biashara ndogo na za kati hupunguza gudwili kila mwaka. Umri wake usipoweza kukadiriwa vizuri, hauruhusiwi kuzidi miaka 10.

Matumaini yakifa

Aprili 2014 Microsoft ilikamilisha ununuzi wa biashara ya simu ya Nokia. Mauzo hayakwenda kama ilivyotarajiwa. Julai 2015, miezi 15 tu baadaye, ilitangaza kufuta vitabuni takriban dola bilioni 7.6 zilizohusiana na biashara hiyo, pamoja na kupunguza hadi ajira 7,800.

Kufuta huko peke yake hakukutoa fedha benki siku ile. Fedha zilishaondoka zamani, siku ya kununua. Hesabu zilikuwa zinakiri tu kwamba zililipia kitu ambacho hakipo tena. Na gudwili ikishafutwa hairudishwi, hata biashara ifufuke vipi.

Mwanahisa aangalie nini?

Kampuni uliyowekeza ikinunua nyingine, fungua maelezo ya ununuzi kwenye ripoti ya mwaka, kisha angalia mambo matatu.

Kwanza, gudwili ni kiasi gani ukilinganisha na mtaji wote wa wanahisa. Ikikaribia nusu, ikifutwa mtaji huo nao utapungua karibu nusu.

Pili, kama mgawanyo ni wa muda. Kampuni ina hadi miezi 12 kukamilisha vipimo, kwa hiyo namba za mwanzo zinaweza kubadilika.

Tatu, ukuaji gani umekadiriwa wakati wa kupima gudwili. Kama mauzo yanashuka kila mwaka na makadirio bado yanapanda, uliza swali hilo kwenye mkutano mkuu kabla wakaguzi hawajalijibu kwa kalamu nyekundu.