Vijana wa Bi. Baker: Historia Fupi ya SNCC

Historia ya SNCC, kamati ya wanafunzi iliyopambana na ubaguzi wa rangi Kusini mwa Marekani bila kuinua ngumi, wengi huianzia Greensboro, North Carolina. Huko, tarehe 1 Februari 1960, Ezell Blair, David Richmond, Franklin McCain na Joseph McNeil waliketi kwenye kaunta ya chakula ya duka la Woolworth, wakaagiza kahawa, wakanyimwa kwa sababu ni weusi, nao wakakaa palepale mpaka duka likafungwa. Heshima yao haina mjadala. Lakini kamati yenyewe ina mama yake, na huyo ni Bi. Ella Baker.

Wakati huo alikuwa na miaka 56 na aliongoza ofisi ya SCLC, jumuiya ya Mchungaji Martin Luther King. Migomo ya kuketi ilikuwa imeshaenea mji hadi mji, ila kila kundi lilijitegemea. Bi. Baker akapata dola 800 kutoka jumuiya hiyo na kuwaita vijana katika Chuo Kikuu cha Shaw, Raleigh, chuo alichosoma mwenyewe. Walikutana Pasaka, tarehe 15 hadi 17 Aprili. Wakubwa wa SCLC walitamani vijana wawe tawi lao. Bi. Baker alikataa katakata: wawe na chombo chao, ndiyo SNCC, waamue wenyewe. Kwa uamuzi huo mmoja, vizazi vyote vilivyofuata vina deni kwake.

Kundi la mji wa Nashville ndilo lililofika Raleigh likiwa limeiva. James Lawson, aliyejifunza njia za Gandhi nchini India, alikuwa amewafundisha kwa miezi kadhaa kanisani. Mazoezini, baadhi yao walijifanya wabaguzi: wakawatukana wenzao, wakawapulizia moshi wa sigara, wakawasukuma vitini. Aliyeketi alitakiwa asirudishe pigo wala tusi, akae wima, macho yaelekee kaunta. Waliopikwa hapo ni akina Diane Nash, John Lewis na Bernard Lafayette. Marion Barry, naye wa Nashville, akawa mwenyekiti wa kwanza wa SNCC. Ofisi ilianza kama kona tu ndani ya ofisi ya SCLC, Atlanta.

Februari 1961, Diane Nash, Ruby Doris Smith, Charles Sherrod na Charles Jones walikwenda Rock Hill, South Carolina, wakaketi kwenye kaunta, wakakamatwa na kukataa kulipa faini. Wakatumikia kifungo cha siku 30. Mwaka huohuo Bob Moses aliingia McComb, Mississippi, kuwaandikisha weusi wapige kura. Hapo kazi ikawa ngumu zaidi ya kaunta: Septemba mkulima Herbert Lee, aliyewasaidia, aliuawa kwa risasi. Vijana hawakuondoka Mississippi. Mwaka uliofuata wakampata Bi. Fannie Lou Hamer, mfanyakazi wa shamba la pamba, aliyefukuzwa shambani siku ileile aliyojaribu kujiandikisha.

Sisi wa Afrika Mashariki tuna kisa chetu humu, nacho nakipenda kuliko vyote. Desemba 1963, Kenya ikiwa ndiyo kwanza imepata uhuru, kiongozi wake Oginga Odinga alipita Atlanta. Vijana wa SNCC walikwenda hotelini kumwamkia, kisha wakaingia mkahawa wa jirani kunywa kahawa. Wakanyimwa. Wakaketi, wakakamatwa, na baadaye wakatunga wimbo wenye jina la Odinga.

Yaliyofuata yanajulikana: kampeni ya Kiangazi cha Uhuru ya 1964 na vijana watatu waliouawa Mississippi, Sheria ya Haki za Kiraia mwaka huohuo, maandamano ya daraja la Selma, Machi 1965, na Sheria ya Haki ya Kupiga Kura, Agosti 1965.

Kuanzia 1966 palikuwa na tofauti za fikra kuhusu njia na kuhusu nani awe mwanachama. Uongozi ulibadilika, na mwanzoni mwa miaka ya 1970 kamati ilimaliza safari yake. Wanachama wakaendelea: Bob Moses alifundisha hisabati Same, Tanzania; Courtland Cox alikuwa katibu mkuu wa Kongamano la Sita la Umajumui wa Afrika, Dar es Salaam, 1974; Marion Barry akawa meya wa Washington; John Lewis akaingia Bunge la Marekani 1987, akahudumu hadi kifo chake 2020; Julian Bond akaongoza bodi ya NAACP, jumuiya ya kutetea haki za weusi. Bi. Baker alifariki mwaka 1986, siku aliyotimiza miaka 83.