Jaji Joseph Kavaruganda

Akiwa Rais wa Mahakama ya Katiba ya Rwanda, Kavaruganda alisimama na Makubaliano ya Arusha ya 1993. Tarehe 5 Januari 1994 Juvénal Habyarimana alikula kiapo cha urais wa mpito mbele yake. Machi akamwandikia rais huyohuyo, akilalamikia vitisho vya kuuawa.

Ndege ya Habyarimana ilipotunguliwa 6 Aprili, kukabidhiana madaraka kihalali kulihitaji mahakama hiyo. Wauaji walilijua hilo. Asubuhi ya 7 Aprili Walinzi wa Rais walimtoa nyumbani kwake Kimihurura, palipokuwa na askari wa Umoja wa Mataifa waliowekwa kumlinda, wakamuua.

Huenziwa hapa Rebero kila 13 Aprili, pamoja na wanasiasa waliopinga mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi.