Damu Yetu na Hewa ya Milimani

Leo tutasoma habari za damu.

Uso wa Ziwa Viktoria u mita 1,134 juu ya bahari, na ninyi wa Buganguzi mko juu zaidi kidogo. Hapo mtu hupumua bila taabu. Lakini kileleni Kilimanjaro, mita 5,895, kila pumzi huleta karibu nusu tu ya oksijeni ipatikanayo pwani. Oksijeni ni ile sehemu ya hewa inayotutia uhai, na wachukuzi wake mwilini ni chembe nyekundu za damu.

Zamani Mfaransa mmoja, Bwana Viault, alipanda milima ya Peru, Amerika ya Kusini, mpaka Morococha, mita 4,500 hivi. Akahesabu chembe za damu yake mwenyewe. Chini zilikuwa milioni 5 katika tone dogo kama kichwa cha pini. Baada ya majuma matatu hivi zilikaribia milioni 8. Nani aliyeuambia mwili uongeze wachukuzi?

Mwaka 1906 Carnot na Deflandre, wa Paris, walisema yuko mjumbe ndani ya damu. Mwaka 1957 wataalamu wa Chicago walionyesha kwamba hutumwa na figo. Oksijeni ikipungua, figo hupeleka habari kwenye uboho, ndani ya mifupa, ambako chembe hutengenezwa. Mjumbe wa namna hii huitwa homoni.

Lakini mjumbe huyo ana wasaidizi, homoni za jamii ya steroidi. Mmoja wao ni testosteroni, homoni ya kiume, iliyopatikana safi mwaka 1935. Humwongezea nguvu mjumbe wa figo, tena huusaidia uboho kupata madini ya chuma. Ndiyo sababu wanaume wana chembe nyingi kuliko wanawake. Si kwa kula nyama zaidi, kama wasemavyo wengine vilabuni.

Wingi nao una hatari. Mwaka 1925 Dk. Carlos Monge wa Peru alieleza ugonjwa wa watu wa milimani: damu huwa nzito mno, kichwa huuma, midomo hugeuka rangi ya zambarau. Baadaye, huko huko Peru, wanaume wenye chembe kupita kiasi walionekana kuwa na testosteroni nyingi zaidi.

Sasa tuje karibu na kwetu. Mwaka 2002 Cynthia Beall na wenzake walitoa habari za damu ya Waamhara wa milima ya Semien, Ethiopia, wakaao mita 3,530. Mtu angetazamia damu nzito. Wao waliikuta karibu sawa na ya watu wa pwani. Wazee wa watu hao wamekaa huko vizazi vingi, na miili yao haiongezi wachukuzi kwa haraka kama ulivyofanya mwili wa Bwana Viault.