Tarehe ya Hedi za Alumini, Laare ya Igembe

Watu wa Maua hupenda kusema kwamba njia ya miraa ilifunguliwa na Hilux. Wamelisema mno, hata vijana wa hapa Laare, ambao babu zao walilala chini ya Peugeot wakidondokewa na oili usoni, nao wanalirudia. Tarehe hii imeandikwa ili jambo hilo liwekwe mahali pake. Hilux ilirithi tu. Aliyetangulia ni Peugeot 404, na kilichompa nguvu ya kutangulia ni hedi yake ya alumini, yaani kile kichwa cha injini kinachofunika silinda.

Haraka ya miraa haihitaji kuelezwa kwa mtu wa Igembe. Huchumwa asubuhi, hufungwa kwa majani ya mgomba isikauke, na baada ya siku mbili au tatu kathinoni, yaani ule ukali wenyewe, imegeuka kitu hafifu kisicho na mnunuzi. Kwa hiyo Laare hatukupata kupima gari kwa sura yake. Tulilipima kwa saa ya kufika uwanja wa ndege wa Wilson, Nairobi, na tukalipima zaidi kwenye makorongo ya Nithi na Thuchi, ambako gari hushuka kwa breki, huvuka daraja, kisha hupanda kwa gia ya pili limejaa magunia, mshale wa joto ukipanda nalo. Hedi mbovu hujulikana pale mlimani, haijulikani gereji.

Sasa nasaba ya 404. Alizaliwa Ufaransa mwaka 1960, mwili wake umechorwa na Pininfarina, injini imelazwa upande kwa digrii 45. Bloku yake ni ya chuma, ndani yake mna laina za kuchomoa zinazooga kwenye maji, na juu yake hedi ya alumini yenye vyumba vya nusu tufe. Huku kwetu alijulikana kwa mbio za magari za Safari. Mwaka 1963 Nick Nowicki na Paddy Cliff walishinda nayo katika mwaka ambao magari saba tu ndiyo yaliyomaliza. Mwaka 1966 na 1967 akashinda Bert Shankland aliyekuwa akiishi Tanzania, pamoja na Chris Rothwell. Mwaka 1968 Nowicki na Cliff wakarudi, na tena waliomaliza walikuwa saba. Mara nne katika miaka sita, juu ya matope na mawe ya Afrika Mashariki. Miaka miwili iliyobaki ilichukuliwa na Ford na Volvo.

Hapa kuna ajabu ambayo wazee wa gereji hawachoki kuisimulia, na ukifanya hesabu utaikuta ni kweli. Kipenyo cha silinda ya 404 ni milimita 84, mwendo wa pistoni ni milimita 73. Zidisha, na kila silinda inabeba sentimita za ujazo 404 na nusu. Peugeot walikuwa wakiweka sifuri katikati ya majina yao tangu 201 ya mwaka 1929, kwa hiyo huenda ilitokea kwa bahati tu. Wazee hawakubali. Wao husema gari lilipewa jina la silinda yake kama mtoto anavyopewa jina la babu.

Kenya ilikuwa bado inaunganisha 404 hata mwaka 1991, wakati Ulaya ilikwisha kuisahau, na pikapu zake ndizo zilizowafundisha mafundi wa Laare tabia ya alumini. Shule yenyewe ilikuwa ngumu. Alumini hupitisha joto karibu mara tatu ya chuma, ndiyo maana injini yake hustahimili mbano mkubwa zaidi bila kugonga. Lakini hutanuka mara mbili ya chuma, na hedi imefungwa kwa boliti juu ya bloku ya chuma. Gari likichemka Nithi, dereva akafungua redieta na kumwagia maji baridi ya mtoni kwa pupa, hedi hujipinda au hupasuka, na gaskiti hufuata. Kisha kuna zile laina: fundi mgeni akiing'oa hedi bila kuzibana laina kwa vyuma, na kijana wake akazungusha injini kidogo tu, zinanyanyuka kwenye vikao vyake. Atafunga kila kitu vizuri, na kesho yake atakuta maji kwenye oili. Walioshindwa na somo hilo ndio waliohamia Hilux wakasema Peugeot ni mbaya.

Katika Safari yenyewe Datsun nayo ilikuwa na hedi ya alumini, ikashinda miaka kadhaa. Inatosha.

Ubishi mkubwa zaidi, na huu bado haujaisha kwenye mabenchi ya Laare, ni wa hedi ya kununua. Mwenye gari ambaye hedi yake imepasuka, tuseme 1KZ ya Surf au Prado, ambayo sifa yake ya kupasuka inajulikana mpaka Moyale, huenda Kirinyaga Road ya Nairobi, ile iliyoitwa Grogan zamani, akarudi na boksi. Ndani yake mna hedi mpya: ya AMC kutoka Hispania kama ana pesa, au ya Kichina isiyo na jina kama hana. Hufikiri kazi imekwisha. Fundi wa shule ya 404 huiweka hedi hiyo mpya mezani kana kwamba ni kuukuu. Huilaza rula ya chuma pembe kwa pembe na kujaribu kupenyeza kipimo cha milimita 0.05, nusu ya unene wa karatasi ya daftari. Kikipita, hedi inarudi kwa muuzaji au inapelekwa mashine. Huingiza valvu kwenye mrija wake wa kuiongoza na kuitikisa kwa kidole. Hugeuza hedi, humimina petroli kwenye njia za hewa valvu zikiwa zimefungwa, na kungoja. Likidondoka tone, valvu zinasagwa upya, mpya au si mpya.

Halafu, kama hedi ni ya injini ya petroli, huja sindano ya hospitali. Kipande cha kioo chenye tundu hubandikwa kwa grisi juu ya chumba cha moto, mafuta taa huingizwa kwa sindano mpaka pasibaki povu, na idadi ya mililita huandikwa ukutani kwa chaki. Vyumba vinne, namba nne. Zikipishana, injini itatetemeka kwa mzunguko wa chini na silinda moja itafanya kazi ya wenzake. Hesabu ya mbano ni hiyo hiyo kwa kila mtu: chumba cha 404 chenye jumla ya sentimita za ujazo 55 hutoa mbano wa 8.4 kwa 1. Usugue hedi mpaka kibaki 52, utapata 8.8. Nguvu huongezeka na dereva atakusifu. Kwetu juu, ambako hewa ni nyepesi, injini hata haitalalamika. Lakini gari hilo hilo likipewa mzigo wa Mombasa litafika joto la pwani na hewa nzito, na hapo litaanza kugonga. Fundi anayejua humuuliza dereva kwanza anaelekea wapi.

Wamarekani, wenye V8 na pesa, hubadilisha hedi za chuma kwa za alumini za Edelbrock, kampuni iliyoanza mwaka 1938, au za AFR, na huzilinganisha kwa mashine inayovuta hewa kwa shinikizo la inchi 28 za maji na kuandika ni hewa kiasi gani imepita valvu ikiwa imefunguka kiasi hiki au kile. Vijana wetu wameona, wakachukua drili na kuanza kupanua njia za hewa mpaka kidole gumba kinapita. Hilo ni kosa. Njia pana hupitisha hewa nyingi injini ikilia sana, lakini kwa mzunguko wa chini hewa hutambaa, petroli haichanganyiki, na mlima wa Thuchi hupandwa kwa mzunguko wa chini. Faida iko pale chini ya kikao cha valvu, kwenye kona iliyoachwa na mchongo wa kiwandani. Ukilainisha kona hiyo, ukakata kikao kwa pembe tatu, 30, 45 na 60, na ukalinganisha mdomo wa njia na gaskiti yake, umepata karibu yote yanayopatikana. Gharama yake ni kazi ya siku moja na msasa.

Nasaba ya Hilux haina mengi. Ilikuja, ikasifiwa kwa kasi, na zile za D-4D zina hedi ya alumini pia. Jambo moja tu la kukumbukwa. Uholanzi ilipopiga miraa marufuku mwaka 2013, Uingereza ikafuata tarehe 24 Juni 2014, na Somalia ikafunga mlango kuanzia Machi 2020 hadi Julai 2022, pikapu nyingi zilisimama zikiwa na maji matupu ya kisima kwenye redieta. Maji hayo, yakikaa kati ya alumini na chuma, hula alumini. Mogadishu ilipofunguliwa, kuna waliokuta njia za maji zimetobolewa kuzunguka gaskiti, wakalaumu hedi.

Mbaine, ile miraa mikongwe, ina Njuri Ncheke, baraza la wazee wa Meru, la kuilinda. Hedi za 404 hazikuwa na mtu. Nyingi ziliuzwa kwa kilo na kuyeyushwa, na huenda sufuria unayopikia githeri leo iliwahi kupanda Nithi. Probox inayobeba miraa sasa ina injini ya 1NZ, alumini juu na chini, na ikichemka sana hakuna anayehangaika na sindano wala kioo: injini nzima hung'olewa kwa winchi, ikawekwa nyingine iliyotoka Japani imetumika, na gari linaondoka kabla ya saa kumi. Wa Maua huita hayo ufundi.