Safari ya Karachi Hadi Dhaka

Agosti 1947, Waingereza walipoondoka Bara Hindi, ilizaliwa dola ya namna ya peke yake. Pakistani ilikuwa nchi moja yenye vipande viwili visivyogusana, na katikati yake ilitanda India, kwa upana uliozidi kilomita 1,600. Serikali ilikaa magharibi, kwanza katika mji wa Karachi. Lakini raia walio wengi, yaani Wabengali, walikuwa mashariki, na mji wao mkubwa ulikuwa Dhaka.

Aliyesafiri kwa meli hakuwa na budi kuizunguka ncha ya kusini ya Bara Hindi. Kwa hiyo ndege ndiyo iliyokuwa daraja la dola ile. Mwaka 1954 shirika la PIA lilianza kusafirisha watu moja kwa moja kati ya miji hiyo miwili, mwendo wa kilomita 2,370 hivi, na jeti za miaka ya 1960 zikaupunguza ukawa wa saa tatu tu. Hata hivyo daraja hilo lilipita juu ya ua wa jirani. Jirani alipokasirika, kama wakati wa vita vya 1965, njia ilifungwa.

Tarehe 30 Januari 1971 vijana wawili wa Kashmir waliiteka nyara ndege ya India, wakailazimisha itue Lahore, katika Pakistani ya Magharibi. Abiria waliachiliwa, lakini baada ya siku chache ndege ikateketezwa. India ikaitupia Pakistani lawama, na mwezi huo wa Februari ikazikataza ndege zake kupita katika anga ya India.

Tangu hapo rubani aliyetoka Karachi alielekea kusini juu ya bahari, akatua Colombo katika kisiwa cha Ceylon (ndiyo Sri Lanka ya leo), ndipo akapanda kaskazini juu ya Ghuba ya Bengal. Karachi hadi Colombo ni kama kilomita 2,400. Colombo hadi Dhaka, kama 2,170. Ongeza hapo kule kujipinda ili kuiepa pwani ya India. Safari ya saa tatu ikawa ya saa sita na zaidi.

Na wakati wenyewe ulikuwa mbaya. Katika uchaguzi wa Desemba 1970 chama cha Sheikh Mujibur Rahman, cha mashariki, kilipata viti 160 kati ya 300, lakini watawala wa magharibi wakasita kumpa madaraka. Badala yake, askari wakaletwa Dhaka kwa ndege za abiria kupitia Colombo, na usiku wa tarehe 25 Machi 1971 wakaushambulia mji. Sidhani kwamba njia ndefu ndiyo iliyoivunja Pakistani. Ugomvi wa lugha, wa fedha na wa vyeo ulikwisha kukomaa zamani. Ila ilikuwa vigumu kuitawala kwa nguvu nchi iliyo mbali kiasi hicho. Tarehe 16 Desemba, jeshi la Pakistani lilisalimu amri Dhaka mbele ya majeshi ya India na wapiganaji wa Kibengali, na Bangladesh ikawa huru.

Sheikh Mujibur alikuwa bado kifungoni magharibi. Alipofunguliwa, Januari 1972, kwao palikuwa umbali wa kilomita 2,000 hivi upande wa mashariki. Ndege ya PIA ikampeleka magharibi, hadi London. Kutoka huko alichukuliwa na ndege ya Waingereza hadi Delhi, na tarehe 10 Januari akashuka Dhaka, akiwa amesafiri kama kilomita 14,000.