Mawe ya Redio

Ndugu wasikilizaji, leo tukizungumzie kitu kidogo ambacho wengi wetu tumezoea kukiita jiwe, yaani betri ya redio. Huko milimani Uluguru, kuanzia Mgeta hadi Kinole na Matombo, kwa miaka mingi mawe ndiyo yaliyomfikishia mkulima habari, kwani vijiji vingi vilikuwa mbali na nyaya za umeme.

Asili yake ni mbali. Mwaka 1866 Mfaransa Georges Leclanché alitengeneza betri ya zinki na kaboni yenye maji ya chumvi ndani ya chupa. Mwaka 1886 Mjerumani Carl Gassner akaifanya kavu, ikabebeka. Mwaka 1966 kampuni ya Matsushita ya Japani ilianzisha tawi Dar es Salaam, na betri za National zikajaa madukani.

Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya ilikusanya watu wazima wapatao milioni 2 katika vikundi vya kusikiliza redio kwa wiki 12. Mawe yakifa, kikundi kilikosa somo. Haishangazi basi kwamba watu waliyaanika juani. Nguvu ilirudi kweli, lakini kidogo tu. Joto huharakisha kazi ya kemikali ndani ya jiwe, na joto hilohilo hulimaliza upesi.

Lililo muhimu ni kuchagua jiwe kwa kazi yake. Saa ya ukutani hula umeme kidogo sana, hivyo jiwe la zinki la bei nafuu latosha. Lakini likiisha litolewe, kwa maana ganda lake huliwa, likavuja na kuharibu saa. Betri ya alkali, iliyotokana na kazi ya Lewis Urry katika miaka ya 1950, hudumu zaidi. Betri za kuchaji za kawaida hupungua zenyewe hata zikikaa bure, hivyo hazifai kusubiri kwa miezi mingi.

Kompyuta ya zahanati nayo hutunza saa yake, umeme ukikatika, kwa kijibetri bapa cha lithiamu cha volti 3. Hicho hudumu miaka kadhaa. Kikifa bila kubadilishwa, tarehe huvurugika. Na tarehe ya chanjo ikikosewa, anayeumia ni mtoto.

Kwa hiyo, ndugu wasikilizaji, kabla ya kuuliza bei, tuulize kazi. Na mawe yaliyokufa tusiyatupe mitoni. Maji ya Uluguru huingia Ruvu, na Ruvu hunywewa hadi Dar es Salaam.