Simba wa Katanga na Uwanda wa Juu wa Manika

Uwanda wa juu wa Manika, ulio jirani na Kolwezi huko Katanga, kusini mwa Kongo, una sura mbili: kileleni kuna dilungu, yaani mbuga za nyasi zilizoota kwenye mchanga wa Kalahari, na kwenye miteremko kuna miombo, msitu mwepesi unaopitisha jua hadi chini, nyasi zikapata kukua. Katika msitu wa namna hiyo simba huishi vizuri iwapo anapata mawindo, maji ya kiangazi na mahali pa kuvizia. Mwaka 1914 mtaalamu wa wanyama kutoka Uswidi, Einar Lönnberg, aliwatenga simba wa Katanga kuwa nususpishi, yaani tawi la spishi moja, akaliita bleyenberghi. Wataalamu wa leo hawalitambui tena tawi hilo, wala huko Manika kwenyewe hakuna tena simba wa kubishaniwa.

Kilichowaondoa ni maendeleo ya shaba pamoja na njaa iliyoyafuata. Kampuni ya madini ya Union Minière, iliyoundwa mwaka 1906, ilianzisha Kolwezi mwaka 1937, na miji ya migodi ilipokua ilihitaji mkaa na nyama ya porini, huku wafugaji wa ranchi za Biano, upande wa mashariki wa uwanda huo, wakimhesabu simba kuwa adui wa ng'ombe. Katika Katanga hiyohiyo, Hifadhi ya Taifa ya Upemba ilitangazwa tarehe 15 Mei 1939, na kati ya mwaka 1946 na 1949 msafara wa mtaalamu wa wanyama Gaston-François de Witte ukaorodhesha viumbe wake kwa makini ya kustaajabisha. Lakini vita vya baadaye na wapiganaji wa Mai-Mai viliwapokonya askari wa hifadhi uwezo wa kuilinda. Tangu mwaka 2017 taasisi ya taifa ya hifadhi, ICCN, inashirikiana na shirika la Forgotten Parks kuifufua, na hapo ndipo swali la kuwarudisha wanyama wala nyama wakubwa linapopata uzito.

Mfano wa karibu ni Liuwa, magharibi mwa Zambia, kwenye mchanga uleule wa Kalahari, ambako kwa miaka mingi alibaki simba jike mmoja tu. Madume wawili waliletwa mwaka 2009, kisha majike wawili mwaka 2011. Mmoja wa majike hao alinaswa na mtego wa waya akafa, na wa pili akakimbilia Angola, ikabidi arudishwe na kufungiwa zizini pamoja na yule mkongwe mpaka wakazoeana.

Kwa Upemba, basi, haifai kuanza na simba. Hifadhi hiyo inawatunza pundamilia wa mwisho wa Kongo, nao wangekuwa chakula cha kwanza cha simba mwenye njaa, kabla idadi yao haijaweza kustahimili hasara hiyo. Mitego ya waya inapaswa kuondolewa kwanza, mawindo yaongezeke, na utaratibu wa fidia ukubaliwe na wenye ng'ombe wa Biano, kwa kuwa simba asiyetosheka ndani ya hifadhi atawafikia.